Punda niliyemnunua juzi anachechemea: nimrudishe, nimtibu au nimuuze?

SWALI: Asalaam alaykum, daktari. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Wiki iliyopita nilinunua punda dume kwa bwana mmoja wa Matondoni, kwa kazi ya kubeba mchanga na saruji. Tulimtazama kule ufukweni, akatembea vizuri, nikalipa kwa M-Pesa. Alifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia, na sasa akisimama anaunyoosha mbele kama hataki kuukanyagia. Muuzaji anasema alinipa mnyama mzima na mimi ndiye niliyemuumiza kwa mizigo. Wenzangu wananiambia apigwe sindano ya maumivu nimuuze bara kabla hajaharibika zaidi. Nifanye nini na punda, na pesa zangu nitazipataje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Pesa tutazifikia. Tuanze na mguu.

Kuanzia saa ile uliyomwona anachechemea, punda huyo hana kazi mpaka daktari aseme. Asivishwe shogi, yaani tandiko la kubebea mizigo, hata tupu, asipandwe, asipelekwe Shela kwa "kamzigo kamoja tu". Kila mzigo utakaomtwika ukijua ni mgonjwa unakuharibia mara mbili: unamzidishia ugonjwa, na unampa muuzaji hoja anayoitafuta. Sasa hivi anadai umemuumiza kwa mizigo na huenda si kweli. Ukimtwika leo, kesho atakuwa anasema kweli. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kuwa ni kosa kumfanyisha kazi mnyama asiyeiweza kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Muuzaji mjanja anaweza kukutishia kwa sheria hiyo wakati wewe ndiye unayemdai.

Ushauri mwingi utakaoupata kuhusu mnyama aliyenunuliwa akatokea kilema umeandikwa kwa ajili ya farasi. Punda ana mambo yake. Farasi akiumwa hujitangaza; punda huficha. Anaweza kuwa na maumivu makali akasimama kimya, masikio yamelegea kidogo, watu wakasema amechoka. Kwa hiyo punda anayechechemea mpaka mpita njia akaona, yule ameumwa vya kutosha.

La pili ni chakula, na hili nataka ulishike kuliko yote. Punda anayeacha kula kwa sababu ya maumivu, safari au huzuni ya kutengwa na mwenzake huanza kuyatoa mafuta ya mwilini na kuyamwaga kwenye damu. Mafuta yakizidi, ini na figo hushindwa, na punda anaweza kufa kwa siku chache hata kama mguu wenyewe ungepona. Punda mnene ndiye aliye hatarini zaidi, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Basi asubuhi na jioni usiangalie mguu peke yake: angalia anatafuna nini, anakunywa maji kiasi gani, na samadi inatoka kama kawaida. Siku nzima ikipita hajala, usisubiri ya pili. Mpigie daktari usiku huo huo na umwambie "amekataa chakula", usimwambie tu "anachechemea", maana uzito wa maneno hayo mawili haulingani. Na kama kule Matondoni alikuwa na mwenzake wa kusimama naye, usimfungie peke yake uani. Mtafutie punda wa jirani wasimame pamoja.

Sasa mchunguze. Fanya hivi alfajiri, kabla jua halijagusa ua, kwa sababu ukwato uliokaa juani huwa moto wenyewe na utakudanganya. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye ukwato wa kulia, kisha wa kushoto, halafu rudi wa kulia. Tofauti ya joto baina ya kwato mbili za mnyama mmoja ina maana zaidi kuliko joto lenyewe. Kisha teremsha vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni kidogo, kulia na kushoto, mpaka uhisi mshipa. Kwa punda mzima mpigo pale ni hafifu, pengine utahangaika kuupata. Ukwato ukiwa na jipu au uvimbe ndani, mshipa hugonga vidole.

Mwinue mguu, safisha unyayo kwa chuma na brashi, uoshe, utazame. Lamu yetu ina kila cha kumchoma punda: misumari ya mafundi wa nyumba na ya majahazi, chupa, miiba ya samaki, ncha za mawe ya matumbawe yanayoshushwa kutoka Manda. Ukikuta msumari bado umo na daktari anaweza kufika upesi, usiung'oe. Mfunge punda asitembee, daktari aone umeingia wapi na kwa mwelekeo gani. Ikiwa hapana budi kumhamisha, piga picha kwanza, ung'oe, uweke alama pale ulipotoka, na uuhifadhi huo msumari. Jeraha lolote la kuchomwa mwambie daktari habari ya pepopunda hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Punda hupatwa na ugonjwa huo kwa urahisi, na ukishaanza kazi ya kumwokoa ni ngumu.

Halafu mtembeze. Hapa ndipo pana jambo katika barua yako lililonigusa: mlimtazama ufukweni. Mchanga ni godoro. Punda mwenye maumivu ndani ya ukwato hutembea juu yake akaonekana hana neno, na ukimpandisha kwenye saruji ya barabara ya mbele ya bahari anaanza kutikisa kichwa. Mwenye kano iliyovutika mara nyingi ni kinyume, mchanga laini humtesa zaidi. Sisemi muuzaji alichagua mchanga kwa hila. Matondoni ni mchanga mtupu, angemtembeza wapi? Lakini mtembeze sasa hatua kadhaa tu kwenye sehemu ngumu na bapa, mtu mwingine amshike kamba kwa kulegeza, nawe usimame mbele. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa huinuka. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa huteremka. Mrekodi kwa simu. Ukishaona, inatosha, usimzungushe mtaa mzima ili kila mtu atoe fatwa yake.

Kwa maelezo uliyonipa, yaani kuanza ghafla, mguu mmoja wa mbele, kuunyoosha na kukataa kuukanyagia, dhana yangu ya kwanza ni jipu ndani ya ukwato. Ndiyo sababu iliyo maarufu kuliko zote ya punda au farasi kuchechemea ghafla. Uchafu huingia kwenye ufa mdogo au kwenye mstari mweupe unaozunguka unyayo, usaha unakusanyika, na kwa kuwa ukwato haupanuki kama nyama, usaha unabana mpaka mnyama anaonekana kama amevunjika mguu. Dawa yake ni kuutoa. Daktari hubonyeza kwa koleo kutafuta panapouma, hufungua kitundu, usaha hutoka mweusi wenye harufu mbaya, na mara nyingi siku ya pili mnyama anakanyaga. Kazi yako baadaye ni kuulowesha mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama utakavyoelekezwa, kuufunga vizuri, na kumweka pakavu. Usichimbe mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Usikubali achomwe chuma cha moto gotini "kutoa ugonjwa", wala kumwagiwa oili chafu ya injini ya boti kwenye ukwato. Nimeona vyote hivyo, na kila mara daktari hulazimika kutibu la kwanza na la pili.

Dhana lakini si hukumu. Inaweza kuwa kano, inaweza kuwa kiungo, inaweza kuwa ule ugonjwa wa kuvimba kwa tabaka linaloshikilia ukwato na mfupa, laminaitisi. Huo kwa kawaida hushika miguu yote miwili ya mbele, na mnyama hukanyaga kama anayetembea juu ya makaa. Bahati yako unaishi Lamu: kituo cha The Donkey Sanctuary kipo mjini tangu 1987 na kinatibu punda bila malipo. Mpeleke, au kama hawezi kutembea waombe waje. Ukipata daktari mwingine, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si mtu mwenye sindano na mkoba tu. Na umwombe kitu ambacho wengi husahau kukiomba: maandishi. Karatasi yenye tarehe, maelezo ya punda (rangi, jinsi, makadirio ya umri kwa meno, alama), ugonjwa aliouona, na maoni yake kuhusu ugonjwa huo una muda gani.

Hayo maoni ya muda ndiyo kesi yako yote. Wewe na muuzaji hamgombani kama punda anaumwa; hilo kila mtu analiona. Mnagombana ugonjwa ulianza mikononi mwa nani, na ukwato ni kalenda. Huota kutoka juu, pale unapokutana na manyoya, ukiteremka takriban milimita 8 kwa mwezi, zaidi au pungufu kidogo kutegemea lishe na msimu. Kwa hiyo kila kilichoandikwa juu yake kina tarehe. Tuseme usaha uliwahi kupasukia juu, kwenye ukingo wa manyoya. Pale hubaki ufa mdogo wa mlalo, na ufa huo huteremka pamoja na ukwato. Ukiupata sentimita mbili na nusu chini ya manyoya, punda huyo alikuwa na jipu miezi mitatu hivi iliyopita, wakati wewe hata jina lake hulijui. Ukiona mistari inayozunguka ukwato, imekaribiana mbele na kutawanyika kuelekea kisigino, hiyo ni alama ya laminaitisi ya zamani, na hakuna mizigo ya siku mbili inayoweza kuichora. Kwato zilizorefuka zikapinda kama kiatu cha Aladini nazo hazikurefuka kwa wiki moja.

Uvimbe nao una umri. Ulio moto, laini, unaouma ukiguswa ni wa karibuni. Ulio baridi na mgumu, ambao mnyama hajali ukiubonyeza, ni wa siku nyingi. Jipu la sasa ndilo linaloleta utata, maana huweza kuiva ndani ya siku chache au likajificha wiki kadhaa. Kwa jipu peke yake, bila alama nyingine, daktari mwaminifu hatakuapia kwamba lilikuwepo siku ya mauzo.

Basi nitakuambia msimamo wangu kwa kila hali. Akikutwa na jipu jipya tu, mtibu, mpumzishe, umweke. Ni ajali ya mnyama wa kazi. Angeipata kwako, angeipata kwake, na punda mzuri hauzwi kwa hasara kwa ajili ya jipu. Akikutwa na kano iliyovutika juzi, jiulize bila kujidanganya ulimtwika nini. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, na punda wetu wengi wenyewe hawafiki kilo 200. Kama ilipanda miwili, na mchanga mbichi juu yake, mlaumu aliyepakia. Lakini akikutwa na ugonjwa wa zamani, laminaitisi, kiungo kilichokwisha, jipu linalojirudia, hapo una haki ya kurudisha na usione haya kuidai.

Vyovyote itakavyokuwa, mjulishe muuzaji leo, usisubiri karatasi. Mpigie simu kwa adabu, kisha umwandikie ujumbe ili ubaki. Kitu kama hiki: "Asalaam alaykum mzee wangu. Punda dume niliyemnunua kwako tarehe fulani ameanza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia tarehe fulani. Nimemsimamisha kazi na ninampeleka kwa daktari. Nakuomba uje umtazame mwenyewe au utume mtu. Ikionekana ugonjwa ni wa kabla ya mauzo, nataka kumrudisha." Hakuna tuhuma, hakuna tusi, hakuna "umeniibia". Ujumbe wa M-Pesa uuhifadhi, maana una tarehe na kiasi. Tafuta na jina la yeyote aliyekuwepo mkipatana.

Kwa nini haraka? Kwa sababu sheria zote mbili zinazokuhusu hazimpendi mnunuzi anayenyamaza.

Chukua kwanza ile ambayo nyinyi wawili mtakubaliana nayo bila wakili. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoshika pwani yetu, mnunuzi ana khiyari ya aibu: akikuta kasoro ya zamani iliyofichika na inayopunguza thamani, ana haki ya kurudisha na kupewa pesa zake. Lakini haki hiyo ni ya papo hapo. Ukishaijua aibu, ukachelewa bila udhuru au ukaendelea kumtumia mnyama, umehesabiwa kuridhika. Wanazuoni walikwenda mpaka kwenye mfano wa mtu kumwachia mnyama matandiko mgongoni baada ya kujua kasoro, kwamba hata hilo linaweza kumwondolea haki. Ndiyo maana nilianza na shogi.

Ikiwa aliwahi kukwambia "nakuuzia alivyo, sina jukumu", usikate tamaa. Kwa mnyama, maneno hayo humkinga muuzaji na kasoro ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Hayamkingi na ile aliyoijua akanyamaza, wala na ile iliyo dhahiri. Na ikiwa punda amepata kasoro nyingine mikononi mwako, tuseme mgongo umechubuka kwa shogi, huwezi kumlazimisha ampokee hivyo hivyo. Ama mkubaliane arudi nawe ulipe upungufu ulioutia wewe, ama ubaki naye urudishiwe sehemu ya bei kulingana na kasoro ya zamani. Mapato ya zile siku mbili ni yako. Anayebeba hasara ya mnyama ndiye mwenye faida yake, kwa hiyo akikwambia umlipe "kodi" ya siku alizofanya kazi, hana hoja.

Upande wa serikali, mifugo inaingia kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Msingi wake ni mnunuzi ajiangalie, lakini kifungu cha 16 kina milango miwili. Wa kwanza: ukimweleza muuzaji kazi unayomtakia punda, ukategemea ujuzi wake, naye biashara yake ni kuuza punda, basi punda anatakiwa awe anaifaa kazi ile. Wa pili: anayefanya biashara ya bidhaa ya aina ile anatakiwa akupe kilicho katika hali ya kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambayo ulipokagua ulipaswa kuiona. Sasa jiulize. Je, ulimwambia ni punda wa mchanga na saruji? Je, huyo bwana ni mchuuzi wa punda, au ni mtu aliyekuwa na punda mmoja akamuuza apate karo? Kama ni huyu wa pili, kifungu cha 16 hakitakusaidia sana, na itabidi utegemee alichokuambia kwa kinywa chake. Akisema "hajawahi kuumwa mguu" na ukwato una ufa wa miezi mitatu, hayo ni maelezo ya uongo yaliyokufanya ununue, na kwa hilo una pa kumshika.

Mahakamani usikimbilie. Mahakama ya Kadhi haiwezi kuipokea kama kesi, maana Katiba, Ibara ya 170, imeifunga kwenye hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kuna Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambapo huhitaji wakili, na mahakama ya hakimu ipo pale pale Lamu. Lakini kwa thamani ya punda mmoja, na watu wanaoswali msikiti mmoja siku ya Ijumaa, mimi ningeanza na wazee. Mtafuteni mzee wa mtaa na mtu wa tatu anayejua punda, asiye wa Langoni wala wa Matondoni. Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza suluhu za namna hiyo. Nenda na karatasi ya daktari, video, na ukwato wenyewe. Watu wa punda hawashawishiki kwa maneno. Ukiwaonyesha ufa na umbali wake kutoka kwenye manyoya wataelewa bila hotuba.

Na uwe na ombi moja lililo wazi. Nimeona wenye haki wakitoka kwenye vikao mikono mitupu kwa sababu walikwenda kulalamika, hawakwenda kuomba kitu. Amua kabla: unataka arudi na pesa zote? Ubaki naye ukatiwe sehemu ya bei? Akubadilishie punda mwingine, na huyo mwingine akaguliwe na daktari kwanza? Mkikubaliana, andikeni, mtie sahihi, na pesa zipite kwenye simu zisipite mkononi. Mpaka siku hiyo punda yuko kwenye dhamana yako: chakula, maji, kivuli, dawa. Risiti ziweke.

Nimebakisha hilo la sindano. Hapana. Dawa za kutuliza maumivu, fenilbutazoni na ndugu zake, zinaweza kumfanya punda mgonjwa atembee sawasawa kwa muda, na mwili wa punda huitoa dawa hiyo upesi kuliko wa farasi. Kwa hiyo atakayemnunua bara atamwona mzima jioni, na baada ya siku moja au mbili atakuwa ameketi anaandika swali kama lako. Utakuwa umemfanyia mtu kile kile unachokilalamikia, na wewe, tofauti na bwana wa Matondoni, utakuwa ulijua kwa yakini. Isitoshe, punda asiyesikia maumivu huukanyagia mguu mbovu kwa uzito wote. Dawa ni sehemu ya matibabu akiandika daktari, na punda amesimama pumzikoni.

Nawe unajua wapo wanaopita bara wakinunua punda vilema kwa bei ya kutupa bila kuuliza swali. Wengi wanatafuta ngozi. Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024, lakini njia za panya hazijaisha. Usimtumbukize humo kwa sababu ya hasira ya pesa.

Utauliza, je, huenda hata kwako alipigwa sindano kabla hujamwona? Huenda, na kuanza kuchechemea siku ya tatu kunaruhusu dhana hiyo, kama kunavyoruhusu msumari wa jana. Kama hujachelewa, mwulize daktari iwapo kuna faida ya kuchukua damu. Bila kipimo usilitamke mbele ya wazee. Ni tuhuma ya udanganyifu, na ukishindwa kuithibitisha itakuangushia hata yale uliyoyathibitisha.

Siku utakayonunua mwingine, kazi yako ni rahisi kuliko unavyodhani. Mtazame akitoka bandani asubuhi, kabla hajapashwa moto kwa kutembezwa. Mtembeze kwenye saruji na kwenye mchanga, mgeuze kwenye duara dogo pande zote mbili, kwa sababu punda anayeficha maumivu kwenye mstari mnyoofu huyatoa kwenye kona. Inua miguu yote minne. Anayekataa kuinua mmoja huenda anaumwa ule mwingine utakaobaki ukibeba uzito. Mtwike mzigo wa kawaida hatua chache. Kisha weka sharti la siku tatu. Fiqhi ya Shafi inaruhusu khiyari ya sharti mpaka siku tatu: mnakubaliana kwamba ndani ya muda huo mmoja wenu anaweza kuvunja mauzo bila kutoa sababu. Muuzaji mwenye punda mzima hapotezi chochote kwa sharti hilo, na anayelikataa kwa ukali amekujibu swali ambalo ulikuwa hujamuuliza.

Kwa sasa, nitumie picha za kwato zote mbili za mbele. Zioshe kwanza, umsimamishe kwenye saruji, simu uiweke chini kabisa sawa na ukwato, upige moja ya mbele, moja ya ubavuni na moja ya unyayo. Kwenye ile ya ubavuni simamisha rula ya shule kando ya ukwato, sifuri ikiwa pale manyoya yanapoishia. Nikiweza kusoma milimita, nitaweza kukuambia la kumuuliza daktari na la kuwaeleza wazee.